Mafuta ni Mafuta

Mama Asha alizikwa Jumatano baada ya swala ya alasiri, na Alhamisi asubuhi nilikuwa kazini kama kawaida, nimekaa kiti cha abiria, mguu wangu umeelea juu ya lile kanyagio la pili la breki ambalo sisi walimu wa udereva huwekewa. Mwanafunzi wangu, kijana wa ofisini mwenye shati lililopigwa pasi vizuri, alikuwa akishuka mteremko wa Muhima kuelekea Nyabugogo. Katikati ya mteremko akatoa gia, akaliacha gari liteleze lenyewe. "Mwalimu, hivi tunaokoa mafuta," akaniambia huku akitabasamu. "Mzee wangu amefanya hivi miaka yote." Nilimwambia arudishe gia, na nadhani nilipaza sauti kuliko nilivyokusudia, maana alishtuka, akaegesha pembeni, akaniuliza kama ninaumwa. Nikamjibu kwamba nimefiwa. Ilikuwa kweli, lakini haikuwa sababu yote.

Ng'ambo ya barabara, mahali ambapo sasa pana jengo refu la vioo, ndipo lilipokuwa duka la spea la Mama Asha. Nilifanya kazi pale mwaka mmoja tu, nilipokuwa na umri wa miaka ishirini, na tangu hapo nimekuwa nikiwaambia watu kwamba huko ndiko nilikojifunza magari. Si kweli hasa. Huko nilijifunza kuogopa, magari yakaja baadaye. Hadi leo siwezi kuona gari limeegeshwa kwenye mteremko bila kutazama tairi zake, na watoto wangu wameshazoea kwamba mama yao hulala macho kila mmoja wao anaposafiri. Wanadhani ni tabia niliyozaliwa nayo.

Duka lilikuwa na vyumba viwili vilivyotenganishwa na pazia la kitenge. Cha mbele kilikuwa na kaunta ya mbao, mikanda ya feni iliyoning'inia kwenye misumari, filta, plagi ndani ya visanduku vyake, na rafu za mafuta: ya injini, ya gia, ya usukani, ya breki. Cha nyuma kilikuwa na mkeka, benchi, jiko la mkaa na dirisha dogo lililotazama barabara. Kutoka pale ulisikia siku nzima magari yakishuka, mengine yakilia breki, mengine yakipita kimya kwa sababu dereva ametoa gia. Mama Asha alikuwa mwanamke mpana, mwepesi wa kucheka, na hakuwahi kuendesha gari maishani mwake. Hata hivyo madereva walimwita Daktari. Alilipenda jina hilo, na sidhani kama alilipata bure, kwa sababu alikuwa na masikio. Aliyasikia yote waliyoyasema, akayaweka kichwani, na mtu mwingine akija na tatizo, jibu lilikuwa tayari.

Mimi nilijifunza kwa njia hiyohiyo. Saa sita mchana alipika mwenyewe, mara nyingi sombe, yaani kisamvu, iliyotiwa karanga na ugali wa muhogo, siku nyingine ndizi na maharage, na tuliketi watano au sita kwenye mkeka tukila kutoka sinia moja. Walikuwapo madereva wawili watatu wa siku hiyo, na karibu kila mara alikuwapo Fundi Mulamba, mzee mwembamba kutoka Bukavu aliyekuwa na gereji yake hatua chache chini ya duka letu. Mazungumzo ya sinia lile ndiyo yalikuwa shule yangu. Dereva mmoja aliapa kwamba betri inapenda maji ya mvua. Mwingine alisema injini isiondoke asubuhi mpaka iungurume muda wa chai kuchemka, la sivyo itakufa mapema. Mwingine alisema kabla ya safari ndefu tairi zipunguzwe upepo, kwa kuwa joto litazijaza. Oili ikiwa nyeusi, walikubaliana wote, umeibiwa na muuzaji. Mulamba alitafuna polepole, akitikisa kichwa. "Kila mutu iko na dini yake," alisema, na wote wakacheka, na mimi nikacheka, na kesho yake asubuhi nikamwambia mteja habari za maji ya mvua kana kwamba nilizisoma chuoni.

Neno la Mama Asha mwenyewe lilikuwa moja, na alilisema kila rafu ya mafuta ya breki ilipokuwa tupu. "Mafuta ni mafuta," alisema. "Ile ya usukani inasukuma, ile ya feri inasukuma. Ni ndugu." Feri ndiyo breki kwetu Kigali. Alikuwa amelisikia neno hilo miaka mingi nyuma kwa dereva wa lori, mtu mzima, mwenye heshima. Mulamba hakuwahi kulisikia, kwa sababu Mama Asha alilisema kwenye kaunta, si kwenye sinia. Nimefikiria sana jambo hilo. Kama angelisema siku moja tu huku anakula, mzee yule angeacha kutafuna.

Gasana alikuja Jumanne, Mama Asha akiwa ametoka kufuata mzigo. Simkumbuki vizuri kwa sura jinsi alivyokuwa siku ile, ila nakumbuka harufu ya maziwa kwenye koti lake. Alikuwa mkulima wa Masaka, pembezoni mwa Kigali, mwenye pikapu ya kijani ya zamani, akileta maziwa mjini kila asubuhi. Alisema kanyagio la feri linazama, akaomba mafuta ya kuongeza. Niligeuka kwenye rafu. Hapakuwa na hata kopo moja.

"Dada, nisaidie," alisema. "Jumamosi iko ubukwe, harusi ya mudogo wangu. Nitabeba familia yote mu pikapu. Bashangazi, bamama, bote."

Nilimpa chupa ya mafuta ya usukani. Aliisoma, akanitazama. "Hii itafaa?"

"Inafaa," nikamjibu. "Mafuta ni mafuta. Ni ndugu." Nilisema hivyohivyo, kwa sauti ileile ya Mama Asha, na niliona jinsi uso wake ulivyolegea. Aliniamini. Lilikuwa jambo jipya kwangu, mwanaume mwenye gari kuniamini, na kwa siku tatu nililifurahia.

Ijumaa mchana Mulamba alikuja kula akiwa amekasirika. Alikuwa amefungua breki za gari la mteja wake, akaja na kitu ndani ya kitambaa, akakiweka mbele yetu kando ya sinia. Kilikuwa kipande cha mpira, laini, kimevimba, kimepoteza umbo. Nilidhani ni kitu kilichotoka tumboni mwa mnyama.

"Munaona? Kuna mutu alitia mafuta ya usukani mu feri," alisema. "Mupira ya feri haipendi mafuta ingine. Inakunywa, inavimba kama mandazi mu chai. Siku ya kwanza feri iko muzuri. Siku ya pili iko nguvu sana, dereva anafurahi. Siku ya tatu, ya ine, haiko tena. Unakanyaga, hakuna kitu."

Mkono wangu ulibaki juu ya sinia. Nilimtazama Mama Asha, naye alikuwa akiutazama ule mpira, na rangi ya uso wake ilikuwa imebadilika kwa namna ambayo sikuielewa. Nilihesabu: Jumanne, Jumatano, Alhamisi, Ijumaa. Nikamuuliza Mulamba mtu atajuaje, kabla ya kufungua gari zima. Akanieleza kwamba kifuniko cha kile kikopo cha mafuta ya breki kina mpira wake kwa ndani. Ukivimba, ukitoka, haurudi tena mahali pake. "Hata mutoto anaweza kuona," alisema.

Alipoondoka nilimweleza Mama Asha habari za Gasana. Nilitarajia apige kelele, anitume mahali, aseme neno lolote. Alianza kuosha sinia. Alilisugua muda mrefu, mgongo wake ukinielekea.

"Mulamba ni muzee, anasahau," alisema hatimaye. "Ile mupira ilikuwa ya zamani tu."

"Lakini Mama Asha, Jumamosi anabeba watu. Shangazi zake."

"Nimeuza ile mafuta miaka mingapi? Nani alirudi kulalamika?"

Leo jibu ninalo, kwamba aliyekufa harudi dukani kulalamika, lakini wakati ule nilikuwa na miaka ishirini na nilikuwa nikila chakula chake. Alikausha mikono, akanigeukia, na macho yake yalikuwa ya mtu anayeomba. "Zaina, mwanangu, acha hiyo maneno. Nakuomba." Nilidhani anaogopa jina la duka kuharibika. Nilimdharau kidogo kwa hilo, na dharau ile niliibeba siku tatu kabla ya kujua nilikuwa nimedharau nini.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi ya umuganda, ile ya mwisho wa mwezi, ambapo mji wote hufanya kazi za mtaa na hakuna gari linalotembea mpaka saa tano. Nilikuwa nimepanga chumba Kicukiro, na tangu saa moja asubuhi nilikuwa na majirani kwenye mtaro, jembe mkononi. Sijui nilichimba nini. Nilikuwa nikijiambia kwamba mpaka saa tano pikapu ya kijani imesimama, haiwezi kwenda popote, watu wote wako salama, hata shangazi zake. Jambo hilo lilinituliza kwa muda mfupi. Kisha nikakumbuka kwamba hata mimi siwezi kwenda popote, na kwamba saa tano ikifika tutaachiliwa wote pamoja, mimi nikitoka Kicukiro na yeye akitoka Masaka. Jirani yangu mmoja aliniambia nichimbe taratibu, nitajikata mguu. Jua lilipanda. Mwenyekiti wa mtaa akaanza kuhutubia kuhusu usafi, nami nikawa nikizitazama pikipiki zilizoegeshwa ng'ambo na madereva wake waliosimama na makoleo.

Mkutano ulipofungwa sikunawa hata miguu. Nilipanda pikipiki ya kwanza, nikamwambia dereva Masaka, mbio. Njiani kila gari lililotujia nililitafuta rangi. Kulikuwa na foleni mahali fulani, watu wamesimama barabarani, nikanyoosha shingo kuitafuta pikapu, mpaka tulipofika na kuona ni ng'ombe wanavushwa. Sikuwa na namba ya simu ya Gasana, wakati ule simu walikuwa nazo wachache. Nilichokuwa nacho ni jina, pikapu ya kijani na maziwa. Masaka wakati ule ilikuwa mashamba, nyumba moja hapa, nyingine kule, na nililazimika kuuliza mara tatu. Mtu wa tatu, mwanamke aliyebeba viazi, alinionyesha kwa kidevu: juu kule, kwenye migomba, lakini fanya haraka, wana sherehe, wanaondoka.

Pikapu ilikuwa uani, pua yake imeelekea bondeni, jiwe limewekwa mbele ya tairi. Nyuma walikuwa wameketi kwenye mabenchi wanawake kama kumi, wamevaa mishanana yao ya sherehe, ya rangi ya zambarau na dhahabu, vikapu magotini, na kibuyu cha maziwa kimefunikwa kitambaa cheupe. Walikuwa wakiimba. Gasana, amevaa suti, alikuwa ameinama kuliondoa lile jiwe.

"Usiondoe!" nilipiga kelele. Wimbo ukakatika.

Hakunitambua mara moja, nikiwa na matope mpaka magotini. Nilimwambia mimi ni yule wa dukani, nilimpa mafuta mabaya, feri zake zitakufa. Alicheka. Alinionea huruma, naona, kwa namna nilivyokuwa nikipayuka.

"Dada, tulia. Feri iko nzuri kuliko zamani. Iko ngumu kama jiwe! Ile mafuta yako ni dawa kabisa."

"Hiyo ngumu ndiyo ugonjwa wenyewe," nilisema. "Fungua boneti. Fungua tu boneti, nikuonyeshe kitu kimoja."

Kutoka nyuma ya pikapu bibi mmoja mwenye nywele nyeupe aliuliza kwa Kinyarwanda mimi ni nani na ni kwa nini nawachelewesha, bwana harusi anangoja. Mwanamke mwingine alisema labda niliwahi kuwa mchumba wa Gasana, na wakaangua kicheko. Nilikuwa na aibu kiasi kwamba ningeweza kugeuka na kurudi nilikotoka. Nasema ukweli, niliitazama pikipiki. Kilichonizuia si ujasiri. Niliogopa zaidi kukaa nyumbani jioni ile nikisikiliza redio.

Gasana alifungua boneti ili niondoke. Nilifungua kifuniko cha kile kikopo, na mpira wa ndani ukatoka nacho, ukaning'inia, mpana na wenye mikunjo kama sikio la mzee. Nikampa. "Urudishe mahali pake," nilimwambia. Alijaribu kuukunja. Ukatoka. Alijaribu kwa vidole viwili, akajaribu kwa kidole gumba, akaufuta kwenye suruali yake ya sherehe bila kujua anafanya nini, akajaribu tena. Haukuingia. Mpira ambao siku nne nyuma ulikaa pale bila shida sasa ulikuwa umekizidi kifuniko kwa upana wa kidole. Kicheko kule nyuma kilikuwa kimekwisha.

Bibi mwenye nywele nyeupe hakuuliza tena swali lolote. Alisema neno moja, na wanawake wote wakaanza kushuka, wakipokezana vikapu. Waliteremka kwa miguu mpaka barabara kuu, wameinua nguo zao nzuri wasizikanyage, kibuyu cha maziwa mbele, kutafuta gari lingine. Walichelewa sherehe, baadaye nilisikia walitozwa faini ya bia kwa ajili hiyo, kama desturi ilivyo. Gasana alibaki nami kando ya pikapu. Nilimwomba msamaha. Hakusema amenisamehe, wala hakunishukuru. Alikuwa bado ameushika ule mpira, akiutazama mteremko ambao angekuwa tayari amefika katikati yake.

"Na wengine?" aliniuliza.

"Wengine gani?"

"Wale wengine muliuzia."

Jumatatu asubuhi nilikwenda kazini nikijua nitafukuzwa. Gasana alikuwa amenitangulia. Alikuwa ameuweka mpira wake juu ya kaunta, na Mama Asha alikuwa amesimama mbele yake, mikono ndani ya khanga. Hawakuwa wakigombana. Mulamba alikuwa ameitwa kutoka gereji, na Mama Asha alikuwa akimuuliza jambo moja, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

"Fundi, mutu akitia Jumapili. Inaweza kumufikisha siku gani?"

"Inategemea. Gari, mizigo, milima. Jumatano. Alhamisi."

"Alhamisi," alisema Mama Asha. Akaingia nyuma ya pazia. Tulimngoja atoke, hakutoka. Niliwahudumia wateja peke yangu mpaka adhuhuri, na mchana ule, kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe, jiko halikuwashwa.

Aliniambia jioni, tukifunga duka. Miaka mitatu kabla sijaja, kaka yake Hamisi, dereva wa lori la mizigo, alipita dukani siku ya Jumapili akisema feri inazama. Rafu ilikuwa tupu. Mama Asha alikwenda mwenyewe nje, akamtilia mafuta ya usukani kwa mkono wake, akamwambia aende na Mungu. Alhamisi lori lilianguka kwenye mteremko nje ya Kicukiro. Siku ile Hamisi alikuwa amekodishwa kubeba bia, makreti yakapasuka juu yake, na Mama Asha ndiye aliyeitwa kwenda kumtambua. Alichokinusa kwenye nguo zake, harufu ya bia, ndicho alichokwenda kumwambia mjane. Hamisi alikuwa amewahi kunywa ujanani, kisha akaacha, na watu wote wakaona basi, amerudia. Walimzika kwa haraka, wachache, wakinong'ona. Mwislamu, baba wa mtoto, amekufa mlevi.

"Ukaniambia habari ya Gasana, nikaona Hamisi," Mama Asha alisema. "Kama Mulamba anasema kweli, ni mimi nilimuua. Unaelewa? Kama mafuta ni mafuta, si mimi."

Nilielewa, na tangu siku ile sijawahi kumcheka mtu anayeng'ang'ania jambo la uongo kuhusu gari lake. Wanafunzi wangu siku hizi wanayapata mambo yao kwenye simu, wanakuja nayo yamepambwa kwa video, lakini ninapomsahihisha mmoja wao, kwanza namuuliza aliambiwa na nani. Mara nyingi ni baba. Mara nyingine ni mtu aliyekufa. Naenda taratibu hapo.

Mwezi uliofuata tuliwatafuta wale wengine tuliowauzia. Mama Asha aliishusha rafu yote ya mafuta ya usukani, akayaweka chini ya kaunta, akawa hauzi chupa bila kumuuliza mtu anapeleka wapi. Alisimama Nyabugogo akiwauliza madereva mmoja mmoja, yeye aliyekuwa Daktari, na wengine walimcheka usoni. Aliwaambia waende kwa Mulamba, naye Mulamba alifungua breki nyingi mwezi ule kuliko mwaka mzima. Mipira iliyovimba ilipatikana mitatu. Kulikuwa na mtu mmoja ambaye hatukumpata kamwe, mwenye kofia ya sufu na gari jekundu dogo, niliyemuuzia mimi wiki mbili kabla ya Gasana. Alikuwa amesema anakwenda Gisenyi kumwona mama yake. Sijui jina lake. Kila nilipopita Gisenyi, hata mwaka huu, nimetazama magari mekundu, ingawa najua gari lile limeshakuwa chuma chakavu zamani, kwa njia moja au nyingine.

Halafu Jumapili moja Mama Asha akaniambia nivae vizuri, tunakwenda Kicukiro kwa wifi yake. Sikutaka. Alisema hawezi kwenda peke yake, atageuka njiani. Kweli mara mbili alisimama, mara moja kununua mkate ambao hatukuuhitaji, mara nyingine kufunga ushungi ambao haukufunguka.

Zubeda, mjane wa Hamisi, alikuwa fundi cherehani. Sebule yake ilikuwa ndogo, viti vimefunikwa vitambaa vyeupe vya kufuma, na mezani palikuwa na sare za shule zilizokatwa, bado hazijashonwa. Hapakuwa na picha ya mume ukutani, na niliona mahali ambapo iliwahi kuwapo, mraba wa rangi safi zaidi. Alitukaribisha kwa adabu, akatumiminia chai ya maziwa yenye tangawizi, akauliza habari za Asha, habari za biashara. Kisha akaketi nyuma ya cherehani yake, kama watu wanavyoketi nyuma ya kitu wakiona mgeni amekuja na neno.

Mama Asha hakugusa chai. "Wifi," alisema, "ile Jumapili kabla ya Hamisi kufa, alipita kwangu." Akasema yote. Alisema habari za rafu tupu, za chupa, za mkono wake mwenyewe. Alisema habari za mpira unavyovimba na siku unazochukua. Alisema harufu ilikuwa ya mzigo. "Fundi anasema inaweza kuwa. Hasemi ni hakika, lori liliuzwa, hakuna wa kufungua tena. Lakini mimi ndani yangu nina hakika."

Zubeda alikuwa ameshika gurudumu la cherehani, ameizuia isizunguke. Nje jirani alikuwa akitwanga kitu, na nilihesabu mapigo ya mchi. Nilikuwa na hakika atatufukuza. Nilitaka atufukuze.

"Wewe ndiye uliniambia alikuwa amekunywa," alisema Zubeda.

"Mimi."

"Nikatoa picha yake. Miaka mitatu sikumuombea dua."

"Najua, wifi."

"Kwa hiyo hakuwa amelewa."

Hakuuliza. Alilisema kwa kujijaribu mwenyewe, kama mtu anayeweka mguu chini baada ya kuumwa muda mrefu. Mama Asha alitikisa kichwa, machozi yakimtoka, akaanza kusema nisamehe, na Zubeda akainua mkono kumzuia.

"Hiyo ngoja," alisema. "Hiyo sijui bado." Akageuza uso kuelekea mlango wa nyuma, akaita, "Sauda!"

Sauda, ambaye juzi msibani ndiye aliyetupakulia pilau, mwanamke mzima mwenye miwani, wakati ule alikuwa na miaka kumi na mmoja. Alitokea mlangoni akijifuta mikono kwenye gauni, akatuamkia shikamoo, mmoja mmoja. Mama yake alisogeza sare pembeni akamwonyesha kiti.

"Kaa hapa. Shangazi yako ana neno kuhusu baba yako." Kisha akamgeukia Mama Asha, na hakukuwa na hasira wala huruma usoni mwake. "Mwambie. Kama ulivyoniambia mimi, usiruke kitu."

Mama Asha alifuta uso kwa ncha ya ushungi. Mtoto alikuwa akimtazama, magoti yamebanwa pamoja, akingoja.

"Baba yako," alisema Mama Asha, "alikuja dukani kwangu siku ya Jumapili."